Namna ya kusoma "R" na "Regina" kwenye kesi za zamani

Mpwa wangu anasoma sheria. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kesi ya miaka ya hamsini na swali: "Mjomba, huyu R ni nani, mbona ana kesi na kila mtu?" Swali hilo huulizwa kila muhula, kwa hiyo jibu naliweka hapa.

Hatua ya 1: Lijue neno

Regina ni Kilatini, maana yake malkia. Mfalme ni rex. Tuendelee.

Hatua ya 2: Tazama limeandikwa wapi

Kwenye kitabu cha sala, Regina ni Bikira Maria. Salve Regina ndiyo Salamu Malkia, na Regina caeli husaliwa kipindi cha Pasaka badala ya Malaika wa Bwana. Kanisa kuu la Bujumbura nalo huitwa Regina Mundi, Malkia wa Ulimwengu.

Kwenye sarafu za Uingereza za Elizabeth II neno limefupishwa: D G REG F D, yaani malkia kwa neema ya Mungu, mlinzi wa imani. Ukiipata shilingi ya Afrika Mashariki ya 1948 yenye simba, igeuze upande wa kichwa: GEORGIVS SEXTVS REX. Hizo V zisomwe U. Warumi waliandika hivyo.

Hatua ya 3: Kama ni kesi, tafuta tarehe ya hukumu

Hapa ndipo watu hukesha. Mashtaka ya jinai hufunguliwa kwa jina la mkuu wa nchi, na kwenye makoloni ya Waingereza huyo alikuwa mfalme au malkia wa Uingereza. R. peke yake inaweza kuwa Rex, Regina au Republic, na herufi haikwambii ni ipi. Kinachokwambia ni tarehe.

Victoria alifariki Januari 1901. Kuanzia hapo wakafuatana wafalme, kwa hiyo R. ni Rex, hadi tarehe 6 Februari 1952 alipofariki George VI. Siku hiyo Elizabeth, binti yake na mrithi wake, alikuwa Kenya, na habari za msiba zilimfikia Sagana, karibu na Nyeri. Kuanzia siku hiyo R. ni Regina. Kesi iliyofunguliwa Januari 1952 kwa jina la Rex inaweza basi kumalizika kwa jina la Regina, na mshtakiwa ni yuleyule. Kesi ya Kapenguria ya Kenya, iliyohusu Mau Mau, ambayo hukumu yake ilitolewa Aprili 1953, ni Regina dhidi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano.

Sasa mtego wenyewe: usikate Regina siku ya uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi mpaka ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Kenya hivyohivyo, kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964. Ndani ya mwaka huo mmoja bendera ni mpya na waziri mkuu ni mwananchi, ila mashtaka bado ni ya Regina. Baada ya hapo ndipo R. inakuwa Republic, Jamhuri. Uganda walichagua njia iliyo wazi zaidi: Malkia alipoacha kuwa mkuu wa nchi yao waliandika Uganda dhidi ya fulani, basi. Zanzibar ilikuwa na Sultani wake, usiipime kwa kalenda hii.

Tarehe yenyewe ichukue kwenye ukurasa wa kwanza wa hukumu. Mwaka ulioandikwa mgongoni mwa kitabu usiutegemee, wala mwaka wa kosa. Na tafadhali, fungua kitabu chenyewe au picha za kurasa zake. Nakala zilizochapwa upya mtandaoni siziamini hata kidogo, nimeona R. ya 1955 imegeuzwa Republic, wakati jamhuri ilikuwa bado haijazaliwa.

Mengine mawili. Kwenye rufaa ya mshtakiwa majina hupinduka, R. ikaja mwisho kama mjibu rufaa. Na ukiona R. dhidi ya ofisi fulani, halafu "ex parte" (hapa: kwa ombi la) na jina la mtu, mlalamikaji wa kweli ni huyo wa mwisho. Malkia ameazimisha jina lake tu.

Hatua ya 4: Kuandika

Kwenye rejea acha Regina kama ilivyo. Kwenye maelezo yako ya Kiswahili andika "serikali ya kikoloni" au "upande wa mashtaka", kutegemea sentensi. Ukiandika "Malkia alimshtaki Kenyatta", msomaji atamwona Elizabeth amesimama Kapenguria akiuliza maswali, wakati aliyesimama pale alikuwa mwendesha mashtaka Anthony Somerhough.