Kuvusha petunia kipupwe: baridi ya Njombe si ya Limuru

Kila mwaka, Julai ikishakolea, lazima aje mtu kitaluni kwangu Njombe ameshika mche wa petunia alioung'oa na mizizi yake, udongo ukimdondoka njiani. "Kamwene, bwana shamba. Haya maua yako yamekufa." Naupokea mche, nakwangua gome la shina kwa ukucha pale chini karibu na mizizi. Mara nyingi ndani pako kijani kibichi kama ganda la njegere. Mmea ulikuwa hai mpaka saa ile alipoung'oa.

Simlaumu. Maelezo ya nyuma ya pakiti za mbegu huandikwa kwa ajili ya nchi ambako ardhi inaganda, na huko petunia ni ua la msimu mmoja tu. Kwa asili yake ni mmea wa kudumu. Wazazi wake wako Amerika Kusini, kuanzia kusini mwa Brazili hadi Uruguay na Argentina: mmoja mweupe, anayetoa harufu usiku ili kuita nondo, mwingine wa zambarau anayetembelewa na nyuki mchana. Ulaya waliwachanganya miaka ya 1830, na petunia tunazopanda vibarazani ni uzao wa ndoa hiyo. Pasipo baridi kali, shina moja laweza kukaa miaka miwili hata mitatu. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 au karibu na hapo, linaacha kukua. Maua yanakuwa madogo, majani yanapoteza rangi, mmea mzima unaonekana kama umenuna. Huko ni kupumzika, tena ukiuchokoza wakati huo kwa maji mengi na mbolea ndipo unaoza.

Kitu ambacho watu wengi hawakiangalii ni aina ya baridi waliyo nayo. Nyanda za juu zina baridi mbili, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Ya kwetu Njombe, na kwa majirani zetu wa Makete, ni baridi kavu. Mvua zimeshakatika Mei, mchana jua linawaka, usiku anga liko wazi na nyota zote zinahesabika. Usiku wa namna hiyo, upepo ukitulia, ndio wa sakitu, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya majani. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni, ndiyo maana jirani yako wa mlimani anaamka petunia zake ziko salama na wewe wa karibu na kijito unakuta nyasi nyeupe. Adui hapa ni huo usiku mmoja au miwili, hasa Juni na Julai.

Ya Limuru, Lushoto na miteremko ya Rungwe ni baridi mbichi. Wingu linakaa siku tatu halioni aibu, manyunyu yanakuja na kurudi, jani likilowa asubuhi linafika jioni halijakauka. Sakitu huko si tatizo kubwa la mwenye maua kibarazani. Tatizo ni kuvu.

Nianze na kavu, kwa kuwa ndiyo niliyolala nayo.

Chungu chako kihamishie ukutani, na ukuta wenyewe uwe ule unaotazama kaskazini. Vitabu vya Ulaya vitakwambia ukuta wa kusini, na kwao ni sahihi, ila sisi tuko kusini mwa ikweta na mwezi Juni jua letu limeegemea kaskazini. Ukuta wa tofali unaopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane, weka kiganja chako saa mbili usiku utalisikia. Chini ya upenu ni pazuri zaidi, maana paa linazuia joto la ardhi lisipae lote kwenda angani. Petunia zilizo ardhini, ambazo huwezi kuzihamisha, mwagilia udongo wake saa nne au saa tano asubuhi siku unayohisi usiku utakuwa mweupe. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu. Udongo tu lakini, majani uyaache makavu.

Jioni zifunike. Mwaka wangu wa kwanza nilizifunika kwa nailoni, nikailaza juu ya majani kama shuka na kubana pembe kwa mawe, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi kila jani lililogusana na nailoni lilikuwa limelegea na kuwa jeusi-kijani, mfano wa mchicha uliotoka jikoni. Yale ya chini ambayo nailoni haikuyafikia yalikuwa mazima. Tangu hapo natumia kanga kuukuu au gunia jepesi, nalitandaza juu ya vijiti vinne ili lisiguse mmea, na ncha zake zifike chini kabisa, kwa sababu joto tunalolinda ni lile linalotoka ardhini. Saa mbili asubuhi naondoa. Ukisahau mpaka mchana, jua litazipika humo ndani.

Na kama sakitu imekushinda, majani yamekwisha kuungua, tulia. Usikate siku hiyo. Hayo majani mabovu ndiyo blanketi la machipukizi yaliyo chini, na sakitu ya pili inaweza kuwa njiani. Subiri wiki mbili tatu, kisha kwangua shina kama nilivyoeleza. Penye kijani pana uhai, kata juu yake.

Sasa baridi mbichi. Hapa kufunika ndiko kunakoua. Petunia ina majani ya kunata, na ua likinyauka halidondoki mbali, linanata kwenye jani la chini yake, linalowa, na kesho kutwa pale liliponata kuna doa la kahawia lenye vumbi la kijivu kama manyoya ya panya. Huo ni ukungu wa kijivu, na ukiutikisa mmea utaona lile vumbi likiruka kwenda kwa jirani. Dawa za kuua kuvu zipo madukani, ila mimi nasema vidole vinatosha kwa bustani ya nyumbani: kila baada ya siku mbili toa maua yaliyonyauka, uyatoe na kikonyo chake, usivute kitambaa cha ua peke yake ukaacha kitumba cha mbegu kikinyonya nguvu. Vyungu viachane kiasi cha kupitisha mkono kati yake bila kugusa majani. Vipandishe juu ya matofali mawili ili tundu la chini lipumue. Na mwagilia kwa kikombe, pale shinani, tena baada tu ya kuchomeka kidole hadi kifundo cha pili na kukitoa kikiwa kikavu. Wiki yenye mawingu huenda usimwagilie hata mara moja. Konokono nao huipenda hali hiyo, wenye gamba na wasio na gamba. Toka na tochi saa tatu usiku na kopo la maji ya chumvi, siku tatu mfululizo, watapungua.

Kuna ugonjwa mmoja ambao watu huzidisha kwa mikono yao. Majani machanga ya juu yanageuka njano huku mishipa yake imebaki kijani. Mwenye maua anasema mmea una njaa, anatupia kijiko cha CAN, mbolea ya nitrojeni. Ukweli ni kwamba mizizi iliyokaa katika udongo wa baridi uliolowa haiwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yamo tele. Kausha udongo kwanza, mara nyingi rangi inarudi yenyewe jua likitoka. Sababu nyingine ni majivu. Tumezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye kila kitu, na kwa mchicha sawa, lakini petunia hutaka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6 hivi. Majivu yanaondoa uchachu huo. Maji ya kisima yenye magadi nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo wenye maji ya namna hiyo wakinge ya mvua.

Mbolea za kukuza majani simamisha mwishoni mwa Mei. Chipukizi laini lililolishwa urea ndilo la kwanza kuungua kwa sakitu na la kwanza kuoza kwa manyunyu.

Kazi kubwa ya kupogoa inapaswa kufanyika kabla ya baridi, si ndani yake. Kwetu ni katikati ya Mei. Punguza kila tawi kwa theluthi moja, si zaidi, ili machipukizi mapya yapate wiki tatu nne za kukomaa. Yale uliyoyakata usiyatupe, maana humo ndimo ilimo bima yako. Chagua ncha zisizo na ua wala kitumba, urefu wa sentimita 5 hadi 7, kata chini kidogo ya kifundo kwa wembe safi. Toa majani ya chini, bakiza manne ya juu. Vidole vitanata na vitanuka kama mtu aliyepakua tumbaku, wala si ajabu: jina petunia limetokana na neno la Brazili la tumbaku, na mimea hii miwili ni ndugu. Chomeka vipandikizi kwenye mchanga wa mto uliochanganywa nusu kwa nusu na maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, halafu kila kimoja kifunike na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo ukiache wazi. Weka dirishani penye mwanga, jua lisilipige moja kwa moja. Baada ya wiki mbili au tatu vuta kidogo kwa vidole viwili. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Kwa nini usipande mbegu tu? Unaweza, lakini petunia nyingi za madukani ni chotara za F1, yaani za kizazi cha kwanza, na mbegu utakayokusanya mwenyewe haitakupa ua lile la mama yake. Tena mbegu zake ni vumbi, gramu moja ina kama 10,000, na zinataka mwanga na joto la nyuzi 24 hivi ili ziote vizuri. Julai Njombe joto hilo utalipata juu ya jiko peke yake. Jambo moja la haki: aina kadhaa za kisasa za kuning'inia zina hakimiliki ya mzalishaji. Ukitaka kuzizalisha kwa ajili ya kuuza, ulizia kwanza.

Undugu huo na tumbaku una gharama yake. Virusi vya batobato la tumbaku huingia kwenye petunia kupitia mikono ya mvuta sigara au mnusa ugoro, na jani likishapata madoa ya kijani hafifu na kijani kizito likakunjamana, halina tiba. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika wembe. Pia petunia ni ndugu wa nyanya na viazi mviringo, na ukungu chelewa unaoangamiza viazi vyetu unaweza kuipata. Huku ambako kila nyumba ina tuta la viazi mlangoni, petunia iliyovuka kipupwe ikiwa na madoa meusi ya maji maji inaweza kuwa daraja la ugonjwa kutoka msimu mmoja kwenda mwingine. Ikatae. Na usiipande pale nyanya zilipokufa kwa mnyauko.

Wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mtashangaa mnaambiwa habari za kuficha petunia na kipupwe. Kwenu geuza kalenda: Juni hadi Septemba ndiyo miezi yake ya kung'ara, joto la Februari na mvua za masika ndivyo vinavyoimaliza. Jamaa zetu walioko Muscat na Dubai wanalijua hili, barabara zao hujaa petunia Desemba na kiangazi hawaoni hata moja.

Turudi kwetu. Mwishoni mwa Agosti usiku unaanza kulegea, na kwenye makwapa ya majani utaona vinundu vya kijani vidogo kama punje ya ulezi. Hapo ndipo shika makasi kwa nguvu. Teremsha mmea mpaka sentimita 10 au 15, lakini usikate matawi yote siku moja. Kata nusu, baada ya wiki mbili kata nusu iliyobaki, maana shina lisilo na jani hata moja mara nyingi halirudi. Kwangua sentimita mbili za udongo wa juu wa chungu, jaza mboji iliyoiva, anza tena kumwagilia kidogokidogo, na mbolea ya NPK iliyoyeyushwa nusu ya kipimo cha pakiti kila wiki. Maua yatafunguka Oktoba.

Vile vipandikizi vya Mei vipande nje wakati huohuo, kando ya mama zao. Mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Mwaka wa pili mama atakuwa na shina gumu kama kijiti cha kuchokolea moto, lenye maua nchani tu na katikati uwazi mtupu, na hapo kipandikizi ndicho chenye bustani. Mama ng'oa, mweke kwenye mboji, ila isiwe mboji utakayoitia kwenye matuta ya viazi.