Kupima nafasi ya mwanao kuingia vyuo vigumu vya Marekani, kabla hamjalipia fomu hata moja

Miaka minne iliyopita mpwa wangu aliomba vyuo tisa. Vyote tisa ni vile ambavyo hata bibi yake kule Tanga ameshavisikia. Alikuwa na A tupu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kimoja lazima kiitike. Mwisho wa Machi yakaja majibu: saba wamemkataa, viwili wamemweka orodha ya kusubiri, na hiyo orodha haikusogea. Chuo cha jimbo letu ambacho kingempokea kilikuwa kimefunga dirisha tangu Desemba. Akaanzia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, na leo yuko vizuri, lakini kosa lilikuwa langu, si lake.

Tangu hapo nimekaa na watoto kadhaa wa hapa Houston, wengi wa Kikongo, Watanzania na Wakenya wachache, tunapima kwanza ndipo tunatuma. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Asilimia ya chuo si asilimia ya mwanao

Kwa darasa lililoanza mwaka 2024, Harvard ilipata maombi 54,008 ikakubali 1,937. Hiyo ni 3.59%, yaani mmoja kati ya 28. Mzazi akiona namba hiyo, ama anakata tamaa papo hapo, ama anasema huyo mmoja ni wangu. Yote mawili ni kupiga ramli, maana wale 28 hawakupanga foleni moja. Kuna wanariadha walioitwa na makocha. Kuna watoto wa waliosoma palepale: nyaraka zilizotolewa katika kesi dhidi ya Harvard zilionesha kwamba kwenye miaka ya 2009 hadi 2015 hao walikubaliwa karibu theluthi moja, wakati wengine walikuwa karibu 6%. Mtoto wa mbeba boksi anagombea kilichobaki. Si vyuo vyote viko hivyo. MIT, kwa mfano, haimhesabii mtoto kwamba baba yake alisoma pale. Kwa hiyo namba ya chuo inakuonesha mlima una urefu gani tu. Miguu ya mwanao inapimwa kwingine.

Hatua ya 2: Isome transkripti (karatasi ya masomo na alama zake) kama wanavyoisoma wao

GPA ni wastani wa alama za haiskuli. GPA ya 4.6 na GPA ya 3.9 zinaweza kuwa za mtoto mmoja. Ya kwanza imeongezewa uzito kwa masomo magumu, ya pili haikuongezewa, na kila wilaya ina kanuni yake ya kuongeza. Ndiyo maana vyuo vingi havishangazwi na hiyo namba kubwa. Wanachotazama ni masomo yenyewe, na pamoja na transkripti shule hutuma karatasi inayoeleza ina wanafunzi wangapi na inafundisha AP ngapi, yaani masomo ya haiskuli yenye ugumu wa chuo. Mtoto aliyechukua AP 5 kwenye shule yenye AP 7 amejitutumua. Aliyechukua 5 kwenye shule yenye 25 ataulizwa nyingine aliziachia nani.

Nichukue binti mmoja niliyekaa naye Oktoba iliyopita, mwaka wake wa mwisho wa haiskuli. GPA 3.9 bila kuongezewa. Nafasi ya 14 kati ya 412. AP 5 kati ya 7. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, 1380 kati ya 1600. Anataka uuguzi. Kaa na namba hizo, tutazirudia.

Hatua ya 3: Tafuta ile karatasi ambayo vyuo havikutangazii

Kwenye intaneti andika jina la chuo kisha maneno Common Data Set. Itakuja faili ndefu, chuo hujaza kila mwaka. Usiisome yote, nenda sehemu ya C tu. C7 ni jedwali la vitu wanavyopima: alama, insha, barua za walimu, vipaji, kazi, na kila kimoja kimewekewa alama kama ni muhimu sana, muhimu, kinatazamwa, au hakitazamwi kabisa. C9 inaonesha SAT za walioingia: alama ambayo robo yao wako chini yake, na alama ambayo robo yao wako juu yake.

Mtoto akiwa chini ya namba ya robo ya chini, asijidanganye kwamba robo nzima iliingia na alama kama zake. Wengi kwenye robo hiyo wana kitu kingine mkononi, mpira au tarumbeta au jina la ukoo lililoandikwa kwenye jengo la chuo. Na pale ambapo SAT ni hiari, namba hizo zimepandishwa, kwa sababu wenye alama ndogo hawakuzituma. Ila hiari inapungua: MIT iliirudisha SAT mwaka 2022, na mwaka 2024 wakafuata Dartmouth, Brown, Harvard, Caltech na University of Texas ya Austin. Vyuo vya University of California kwa upande wao havizitazami kabisa hata ukizituma.

Binti yetu na 1380 yake, kwa chuo cha Rice kilichopo hapahapa mjini ambako kawaida ni 1500 na ushee, yuko chini. Nilimwambia hivyo usoni. Hakulia. Aliandika kwenye daftari lake.

Hatua ya 4: Saa kumi jioni unafanya nini?

Hapa ndipo watoto wetu wanapojipunja, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Fomu ya Common App, ile moja inayopokelewa na vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli za nje ya darasa, kila moja herufi 150 tu. Binti alikuwa ameandika moja: klabu ya sayansi, mwaka mmoja. Nikamuuliza nyingine ziko wapi, akasema, "Dada, mimi sina kitu. Sikucheza chochote." Nikamwuliza swali hilo la saa kumi jioni.

Anawapitia wadogo zake wawili shuleni. Anawapikia. Anawasimamia kazi za nyumbani mpaka mama arudi kutoka zamu ya kiwandani saa tano usiku. Jumamosi anakwenda kliniki na mama, na siku hizi hata na majirani, kuwatafsiria kutoka Kibembe na Kiswahili kwenda Kiingereza. Kuna bibi mmoja mwenye kisukari asiyekubali kuonana na daktari kama binti huyu hayupo. Tukahesabu saa moja baada ya nyingine kwa sababu fomu inauliza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka: 18 za nyumbani, 4 za kliniki, wiki 50.

Fomu ina kipengele kamili cha majukumu ya familia. Hakikuwekwa pale kama pambo. Msomaji wa maombi akiona saa 22 kwa wiki na bado nafasi ya 14 darasani, anaisoma ile 3.9 kwa jicho lingine, na mtu anayeomba uuguzi akiwa tayari anajua neno la kisukari kwa lugha tatu hahitaji insha ya kujisifu. Je, hilo linafuta pengo la SAT? Halifuti. Linampa nafasi ya kusomwa mara ya pili, basi.

Hatua ya 5: Pesa ni sehemu ya nafasi

Kuna vyuo visivyotazama uwezo wa familia wakati wa kuamua, na kuna vinavyotazama. Na kuna vinavyokukubali vizuri kisha vinakuachia shimo la dola 20,000 kwa mwaka. Huko ni kukataliwa kwa adabu. Kila chuo kinatakiwa na sheria kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Jaza na karatasi ya kodi mkononi, usikisie. Nimeona familia zikishangaa kuona chuo binafsi cha bei ya kutisha kinawajia rahisi kuliko cha serikali cha jimbo jirani.

Hatua ya 6: Gawa vyuo mafungu matatu

La kwanza naliita la mkononi. Hapa Texas tuna bahati. Sheria ya jimbo inamwingiza moja kwa moja kwenye vyuo vya serikali mwanafunzi aliye kwenye 10% ya juu ya darasa lake, isipokuwa Texas ya Austin iliyoruhusiwa kubana zaidi: kwa wanaoanza 2026 ni 5% ya juu. 14 gawanya kwa 412 ni 3.4%. Binti ameingia Austin, mradi atume maombi ndani ya muda na awe amekamilisha masomo yanayotakiwa. Lakini sikiliza vizuri: ameingia chuo, hajaingia uuguzi. Kozi wanaichagua wao. Ndiyo maana tuliongeza vyuo vingine viwili vya serikali vyenye uuguzi.

Fungu la pili ni vyuo ambavyo alama zake ziko katikati ya C9 na vinakubali angalau theluthi ya waombaji. Vitatu au vinne.

La tatu ni bahati. Chuo chochote kinachokubali chini ya 15% kinakaa hapa hata kwa mtoto mwenye 1580. Na kuna hesabu moja inawapoteza watu: vyuo kumi vya 5% kila kimoja, kikokotoo kitakwambia una 40% ya kupata angalau kimoja. Hiyo ni kweli kwa dadu. Faili la mtoto si dadu. Ni faili lilelile, insha ileile na udhaifu uleule, linapelekwa kwa watu kumi wanaotafuta vitu vinavyofanana. Mpwa wangu alikuwa na hivyo tisa.

Maswali mliyoniuliza

*Mzazi, Dallas:* Dada, wangu ana GPA 4.6 na mshauri wa shule anasema ni wa juu sana. Niweke vyuo vinne vya Ivy, kina Harvard na Yale?

Weka, ila kwanza mwombe mshauri namba mbili: GPA isiyoongezewa, na nafasi yake darasani. Kisha muulize la tatu: miaka mitano iliyopita nani kutoka shule hiyo aliingia huko, akiwa na alama gani? Washauri wengi wana kumbukumbu hizo kwenye kompyuta. Ukiona hajaingia hata mmoja haimaanishi wako hataingia, ila unajua unapanda wapi.

*Mama, Columbus:* Sisi tulikuja kutoka kambi ya Nyarugusu miaka miwili iliyopita. Mtoto alianza darasa la 10 hajui Kiingereza, mwaka ule alipata C nyingi. Sasa yuko la 11, A na B. Ameshaharibu?

Hajaharibu, mama. Wanasoma alama zinapanda au zinashuka, na zake zinapanda. Fomu ina sehemu ya maelezo ya ziada. Aeleze kwa mistari mitano, bila kulia wala kuomba huruma: nilifika mwezi fulani, nilikuwa nasoma kwa lugha hii, sasa nasoma AP hii. Barua ya mwalimu wa Kiingereza wa mwaka huu ni dhahabu kwake. Pia tazameni QuestBridge. Ni mpango wa bure, ni wa watoto wa familia zenye kipato kidogo wanaosoma haiskuli hapa Marekani, mara nyingi chini ya dola 65,000 kwa familia ya watu wanne. Akipatanishwa na chuo Desemba, analipiwa miaka yote minne. Dirisha linafungwa mwisho wa Septemba, kwa hiyo kiangazi hiki muanze. Yule binti wa Oktoba nilimpata tukiwa tumeshachelewa. Na kama wakimbizi, baada ya mwaka mmoja mnatakiwa kuomba grini kadi. Kama bado, msingoje, maana inarahisisha msaada wa serikali wa masomo.

*Kijana, Mwanza:* Shikamoo dada. Nimemaliza Form Six PCM, Division One ya pointi 4. Nina nafasi gani MIT?

Marahaba mdogo wangu, na hongera, pointi 4 si mchezo. MIT haitazami uwezo wa familia hata kwa wa nje, sawa na Harvard, Yale, Princeton, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Uzuri huo ndio unaojaza foleni: dunia nzima iko pale, na nafasi za wageni ni chache kuliko ile asilimia unayoiona. Lazima ufanye SAT au mtihani mwenzake wa ACT, na kwa MIT hesabu yako ya SAT iwe karibu na 800. Utaje na kitu ulichotengeneza kwa mikono yako, hata kama ni redio ya mjomba. Iweke fungu la bahati, na dirisha la vyuo vya hapo nyumbani usiliache lipite.

*Baba, Houston:* Kuna anayesema tuombe chuo kimoja mapema kwa kujifunga, yaani akikubaliwa lazima aende hicho, nafasi ni mara mbili. Kweli?

Kwenye karatasi asilimia ni kubwa, kaka, lakini ndani yake kuna wale wanariadha na watoto wa waliosoma pale. Nafuu ipo, si mara mbili kwa mtoto wako. Na kujifunga maana yake huwezi kulinganisha ofa. Kikokotoo kikikuonesha mnamudu, na mtoto anakipenda chuo hicho kuliko vyote, jifungeni. Kisipoonesha hivyo, tafuteni vyenye kuomba mapema bila kujifunga. Tarehe ya vingi ni 1 Novemba.

*Mama, Columbus:* Asante dada. Hiyo SAT inalipiwa?

Kama mtoto anakula chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato chenu, mwambie aombe msamaha wa ada kwa mshauri. Atafanya mara mbili bila kulipa, na ada za fomu za vyuo vingi zitaondolewa pia. Aende Jumatatu.