Somo: Kuvua majabalini kwa mshipi, na kuzoea kupoteza chubwi (kizito cha kuzamishia ndoana) tu

Mvuvi wa majabalini hugombana na mawe kuliko samaki. Mshipi utakwama, hilo halina ubishi. Kwa hiyo funga zana zako ukijua kabisa ni kipande gani kikatike.

Hatua ya 1: Mshipi
Kwa fimbo, nailoni ya kilo 8 hadi 12 inatosha kwa changu na kolekole wadogo. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na una nguvu, lakini ukisuguana na chaza hukatika upesi. Ukiupenda, unga mwishoni nailoni nene ya mita 2 hivi. Kila unaponasua, pitisha vidole kwenye mita ya mwisho. Ukihisi mikwaruzo, kata, lowesha fundo kwa mate, kaza upya.

Hatua ya 2: Chubwi
Hapa ndipo penye kazi. Usilifunge chubwi kwa mshipi uleule. Tafuta kipete chenye matundu matatu: tundu la kwanza mshipi mkuu, la pili kamba ya ndoana ya sentimita 40 hivi, la tatu kipande cha nailoni dhaifu, nusu ya nguvu ya mshipi mkuu, chenye chubwi mwishoni. Chubwi likinasa, hicho kipande ndicho kitakachokatika, na ndoana na samaki wako vitarudi. Mimi siku hizi hutumia nati kuukuu na plagi za gari zilizokufa, sioni haja ya kuzika madini ya risasi baharini kila siku. Ukinunua, chukua la bapa. Ukizungusha haraka huinuka juu ya mawe, ilhali la duara hubiringika hadi kwenye mwanya.

Hatua ya 3: Ndoana
Namba huwachanganya wengi. Namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, lakini 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Changu, anza na 1 au 1/0. Chewa ana mdomo mpana, mpe 4/0 na kuendelea.

Hatua ya 4: Chambo
Ngisi ndiye rafiki yangu, kwa sababu ni mgumu na vidagaa hawamalizi kumdonoa. Kata ukanda wa upana wa kidole cha mwisho, toboa mara mbili upande mmoja, mkia uachwe ucheze, na ncha ya ndoana ibaki wazi. Kamba wa baharini huliwa na samaki wengi, tatizo ni ulaini. Mzungushie uzi mwembamba. Ukiishiwa, tazama miguuni: kaa na kome wa jabali lenyewe ndio chakula ambacho samaki wa pale wamekizoea.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, tasi wanapita chini yangu makundi kwa makundi, kamba hawamgusi. Nimekosea wapi?
Hujakosea, ndugu yangu, tasi hula mwani. Bandua mwani laini hapohapo jabalini, usokote kwenye ndoana ndogo ya namba 8 au 10, uning'inize chini ya chelezo.

Bila chubwi inawezekana?
Maji yakiwa shwari, ndiyo, tena chambo kikizama chenyewe samaki hawashtuki. Upepo ukivuma hutafika mbali.

Nishuke saa ngapi?
Mimi hupenda maji yanapoanza kujaa. Ila kabla ya kushuka kaa juu dakika 20 utazame mawimbi. Jabali lililolowa maana yake wimbi linafika hapo. Bahari usiipe mgongo, na njia yako ya kurudi isije ikazibwa na maji.

Mshipi ukikwama kabisa nivute kwa fimbo?
Utaivunja. Ielekeze fimbo sawa na mshipi, viringisha mshipi kwenye kitambaa, kamwe si mkono mtupu, kisha vuta taratibu umesimama imara. Uso geuza pembeni: chubwi likichomoka ghafla, hiyo risasi hurudi kama risasi.