Bima ya nyumba Bukoba: pima maji na kagua kuta kabla hujajaza fomu

Bima ya moto ya kawaida hailipi mafuriko wala tetemeko mpaka majanga hayo yatajwe kwenye mkataba. Bukoba yote mawili yanakuhusu: Mto Kanoni unakatiza mjini na hufurika mvua zikichachamaa, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi mkoani Kagera.

Anza na maji. Usimuulize mwenye kuuza kiwanja kama hapo hufurika; jibu lake unalijua. Tafuta mstari wa tope ukutani, plasta iliyopukutika kwa usawa mmoja, takataka zilizonasa kwenye michongoma. Waombe wakazi wa siku nyingi waguse ukuta pale maji yalipofika.

Kisha chukua mpira mwangavu wa maji wa mita 15 hivi, kama ule wa mafundi, uujaze maji. Kutanisha ncha zake kwanza: maji yasipolingana kuna hewa ndani, na kipimo chote kitakuwa cha uongo. Peleka ncha moja kwenye alama ya mafuriko, maji yake yasimame sawa na alama, nyingine mlangoni kwako, kisha pima kwa tepu tofauti kati ya usawa wa maji na sakafu. Sakafu ikiwa chini ya alama, au ikiizidi kwa chini ya sentimita 30, ihesabu nyumba kuwa hatarini, maana kalavati likiziba maji hupanda kuliko mara iliyopita. Angalia pia chemba ya choo. Ikiwa chini kuliko barabara, maji machafu yataingilia humo hata mlango ukiwekewa mifuko ya mchanga.

Pima na umbali hadi ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na nyumba iliyomo humo ni shida kuikatia bima.

Kwenye tetemeko, kazi kubwa ni nyufa. Utando wa nyufa nyembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha, au unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya tofali, umeingia ukutani. Ufa wa wima kwenye kona, pale kuta mbili zinapoachana, ndio mbaya zaidi. Lakini mshazari pekee hauthibitishi tetemeko, kwani msingi unaodidimia nao hupasua hivyo hivyo, na kudidimia kwa kawaida hakulipwi. Kwa hiyo weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, pima upana kwa milimita, piga picha rula ikionekana. Rudia baada ya masika. Ukirefuka bila ardhi kutikisika, udongo ndio wenye kesi. Bila rekodi hiyo, siku ya kudai utaambiwa ufa ulikuwepo, na hutakuwa na la kujibu.

Kwaruza kiungo cha tofali kwa msumari. Kikimwagika kama mchanga, au kikiwa cha udongo mtupu, ukuta huo hautahimili mtikisiko. Panda darini uangalie kama renta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, inazunguka nyumba nzima. Iliyo juu ya milango na madirisha pekee haifungi kuta pamoja. Ukuta wa pembetatu chini ya paa, usioshikwa na kenchi, huanguka mapema.

Fomu ijaze kama ulivyokuta. Ukificha nyufa, kampuni ina haki ya kufuta mkataba. Thamani iwe gharama ya kujenga upya, bila kiwanja. Nyumba ya milioni 80 ikikatiwa bima ya milioni 50, hasara ya milioni 16 italipwa milioni 10, kwa uwiano. Uliza pia sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe. Kwa tetemeko mara nyingi ni asilimia ya thamani yote iliyokatiwa bima: ukiikatia milioni 80 zote, asilimia 2 ni milioni 1.6, hivyo nyufa za milioni moja ni zako.

Soma kipengele cha saa 72. Mikataba mingi huhesabu mitikisiko ya ndani ya muda huo kuwa tukio moja, nawe unabeba sehemu yako mara moja tu. Wa siku ya nne ni dai jipya.