Injini Inagonga Asubuhi: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kuifungua

Injini inayogonga ikiwa baridi hujieleza yenyewe katika dakika chache za mwanzo, kisha hunyamaza. Gari likifika gereji limeshapata moto, mlio haupo tena, na fundi anabaki kubahatisha. Wengi hufunguliwa injini kwa namna hiyo, na fedha huenda kwenye kifaa ambacho hakikuwa na tatizo. Pimia gari pale lilipolala.

Mfano wetu ni injini ya Toyota 1NZ-FE, ya lita 1.5, iliyomo ndani ya IST, Probox, Succeed, Premio, Allion na baadhi ya Vitz. Utaratibu ni uleule kwa injini nyingi za petroli. Vipimo vya kila injini vitafute kwenye kitabu chake.

Hatua ya 1: Oili kwanza

Gari lilale usiku mzima mahali tambarare. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, usiwashe. Ongeza kwanza, maana pampu inayovuta hewa hugongesha hata injini isiyo na kasoro. Inuse pia: harufu kali ya petroli ina maana oili imezimuliwa. Paka kidogo kwenye karatasi nyeupe juani. Ukiona chembe zinazong'aa kama unga wa fedha au shaba, metali za krenki (mabamba laini ambamo shafti kuu ya injini huzunguka) zinalika, basi nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 6.

Jiulize pia ni oili gani iliyomo. 1NZ-FE imetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30 ikiwa ya kawaida, na huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Gereji nyingi huijaza 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito hulinda injini kuukuu. Namba iliyo kabla ya W huonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi. Asubuhi ya Juni pale Njombe au Limuru, 20W huchelewa kufika juu kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu), na sehemu za juu hugonga kavu wakati huo wote.

Hatua ya 2: Rekodi na hesabu sekunde

Fungua boneti, weka simu irekodi, na mtu mwingine awashe bila kukanyaga mafuta. Wewe tazama mambo mawili: taa ya oili inazimika baada ya sekunde ngapi, na mlio unadumu muda gani. Muda huo ndio utakaokuongoza kuliko kitu kingine chochote.

Sekunde 1 hadi 3, mkwaruzo wa haraka kisha kimya: oili ilishuka usiku. Watuhumiwa ni filta, kikaza cha cheni inayozungusha kemshafti, au gia ya VVT-i (inayobadilisha wakati wa valvu kufunguka).

Dakika 2 hadi 10, ukififia polepole kadiri injini inavyopata moto: pistoni zimelegea ndani ya silinda, au manifodi ya ekzosi (bomba la moshi linaloanzia kwenye injini) inavuja.

Mlio mzito unaobaki, au unaopotea kisha kurudi kwa nguvu injini ikishapata moto: metali za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Oili ya moto ni nyepesi, haiwezi tena kujaza nafasi iliyoongezeka. Hapa acha kuendesha gari.

Mlio mwembamba unaosikika tu ukipanda mlima kwa gia kubwa ni jambo jingine kabisa. Huo ni petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda, na hauhusiani na ubaridi wa asubuhi.

Hatua ya 3: Tafuta mahali

Tumia bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Nywele, mikono ya shati na lemba viwe mbali na mkanda. Gusa kifuniko cha valvu, kifuniko cha cheni upande wa mkanda, ubavu wa bloku, sampu (bakuli la oili chini ya injini), na mwisho alternata na wota pampu.

Kwa ekzosi tumia kipande cha mpira wa maji: mwisho mmoja sikioni, mwingine uupitishe karibu na gasketi ya manifodi bila kuigusa. Uvujaji hutoa "tss-tss" inayofanana mno na mlio wa tapeti (kikombe kinachosukuma valvu), na hupotea chuma kikitanuka kwa joto. Masizi meusi kwenye kiungo huthibitisha.

Sikiliza na kasi pia. Kemshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, hivyo mlio wa valvu ni wa taratibu zaidi, nusu ya mlio wa sehemu za chini. Injekta nazo hulia "tik-tik" siku zote. Hilo si tatizo.

Hatua ya 4: Ondoa mkanda

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi tena, toa mkanda na uwashe kwa sekunde zisizozidi 30, kwa sababu wota pampu haizunguki. Mlio ukitoweka, tatizo liko kwenye biringi ya alternata au wota pampu. Zungusha kila puli kwa mkono, utaihisi inayokwaruza au kucheza.

Hatua ya 5: Mlio wa sekunde chache

Anza na cha bei nafuu. Ndani ya filta kuna valvu ya mpira inayozuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Kwenye filta bandia mpira huo ni mgumu na haukai sawasawa. Badilisha filta na oili, weka 5W-30, lisikilize gari kwa asubuhi mbili au tatu.

Mlio ukibaki, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli) ili injini isiwake, kisha piga stata kwa vipindi visivyozidi sekunde 10 hadi taa ya oili izimike. Rudisha fyuzi na uwashe mara moja. Kama safari hii hakuna mkwaruzo, umethibitisha kwamba ni ukavu wa mwanzo, na kinachobaki ni cheni au gia ya VVT-i. Kikaza cheni husukumwa na oili. Cheni ikishalegea sana, hupiga miongozo yake hadi msukumo ufike. Gia ya VVT-i ina pini inayoifunga wakati wa kuwasha. Pini ikilika, sehemu ya ndani hupiga ganda lake mpaka oili iishike.

Cheni ibadilishwe pamoja na kikaza na miongozo yote. Kuweka cheni mpya juu ya miongozo iliyochimbika ni kazi utakayoirudia. Gia ya VVT-i hubadilishwa nzima.

Tapeti inayolia hata injini ikipata moto ipimwe nafasi yake kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza, 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. 1NZ-FE haina skrubu ya kurekebisha. Hubadilishwa kikombe cha tapeti chenye unene unaofaa, na kemshafti lazima itolewe.

Hatua ya 6: Mlio mzito wa chini

Injini ikiwa inazunguka, chomoa soketi ya injekta moja baada ya nyingine. Usichomoe koili, kwa sababu petroli isiyoungua itakwenda kuchoma katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi). Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, hapo ndipo penye konrodi au pistoni iliyolegea. Pistoni hunyamaza joto likipanda, konrodi hainyamazi. Taa ya injini itawaka wakati wa kipimo hiki. Ifute kwa mashine ukimaliza.

Kisha fungua swichi ya oili, ambayo kwenye Toyota ina nyuzi za 1/8 PT, na ufunge geji ya kawaida ya mshale. Pima ikiwa baridi, pima tena ikiwa moto. Mafundi hutumia kadirio la psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Presha inayoanguka sana injini ikipata moto, pamoja na mlio wa chini, inatosha kushusha sampu na kukagua metali.

Kabla ya kushusha, gari likiwa la otomatiki, kagua sahani inayounganisha krenki na giaboksi. Ikipasuka au boliti zikilegea, hugonga sawasawa na konrodi, na mara nyingi mlio hubadilika ukihamisha gia kutoka N kwenda D huku umekanyaga breki.

Usikubali kumwagiwa oili nzito au dawa ya kuzimisha mlio. Metali huendelea kulika chini ya ukimya huo, hadi konrodi itoboe bloku. Ujanja huo hutumika kwenye kuuza magari pia: ukienda kununua, mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, na uguse kifuniko cha valvu kwa kiganja. Kikiwa na uvuguvugu, rudi kesho yake asubuhi.