Kadi ya kliniki isifungiwe kabatini mtoto akitimiza miezi 9

Wazazi wengi nchini Tanzania humpeleka mtoto kliniki kwa bidii hadi apate chanjo ya surua ya miezi 9, kisha kadi huwekwa kabatini na kusahauliwa. Ninawasihi msifanye hivyo, kwa kuwa dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na matone ya vitamini A huendelea kila baada ya miezi 6 hadi anapokaribia miaka 5.

Kila mtoto anaposhushwa kwenye mzani, itazameni wenyewe grafu iliyo ndani ya kadi kabla ya kuondoka: nukta za uzito zikiunganishwa, mstari unapaswa kupanda. Mstari uliolala miezi miwili mfululizo, hata kama mtoto anacheka na kucheza, ni sababu ya kutosha ya kumweleza muuguzi mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, na kama ameharisha au kupata homa hivi karibuni. Huo ndio moyo wa huduma ya afya ya msingi iliyotangazwa kwenye mkutano wa kimataifa wa afya mjini Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) mwaka 1978, yaani tatizo ligunduliwe mapema, karibu na nyumbani, familia ikishiriki.

Kadi itunzwe hata mtoto akianza shule. Binti mwenye umri wa miaka 9 hadi 14 anastahili chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Mwelezeni waziwazi inakinga nini, maana naye ana haki ya kuelewa kinachofanyika mwilini mwake.