Somo: Kuiga punje za chuma zinavyokua, na nguvu inavyoshuka

Kipande cha chuma kilichong'arishwa na kupakwa asidi kidogo, ukikitazama kwa hadubini utaona punje, yaani fuwele zake ndogo, zimebanana kama vigae. Kipashe moto kwa muda: kubwa humeza ndogo, na chuma hulegea. Tuliige hilo kwenye kompyuta kwa njia ya Potts, yaani gridi ya namba zinazobadilishwa kidogo kidogo kwa bahati nasibu.

1. Tengeneza gridi ya 200 kwa 200. Kila kisanduku kipe namba yoyote, 1 hadi 100. Visanduku vinavyogusana vyenye namba ileile ni punje moja.

2. Kazi yenyewe iko hapa. Chagua kisanduku kwa bahati nasibu, uhesabu majirani wenye namba tofauti na yake. Hiyo ndiyo nishati ya mpaka. Kijaribishe namba ya jirani mmojawapo. Nishati ikishuka au ikibaki ileile, kubali, ikipanda, kataa. Majaribio 40,000 ni hatua moja. Na majirani wawe wanane! Mimi nilianza na wanne, punje zikaganda, mipaka imenyooka kama rula, nikashinda siku nzima nasaka kosa ambalo halikuwemo kwenye programu.

3. Ukingo wa kulia uungane na wa kushoto, wa juu na wa chini.

4. Kila baada ya hatua 50 pima kipenyo cha wastani cha punje, d, kwa mita (amua kwanza kisanduku kimoja ni maikromita ngapi). Kisha kanuni ya Hall na Petch (1951 na 1953): mkazo wa kuanza kupinda bila kurudi = 70 + 0.74/√d, kwa megapaskali, namba hizi zikiwa za chuma laini. Punje za maikromita 25 zinatoa 218. Zikifika 100, unabaki na 144.

Maswali

– Mwalimu, hatua moja ni sekunde ngapi?
– Yenyewe haina sekunde. d² hukua sawia na muda, kwa hiyo linganisha mteremko wa grafu yako ya d² na vipimo vya maabara, ndipo uipe saa.

– Kwa hiyo nikizidi kupunguza punje, nguvu inapanda tu?
– Hapana. Kwenye nanomita 20 hivi kwenda chini mwelekeo hugeuka: punje huanza kuteleza mipakani.

– Gridi yangu imebaki namba ileile kila mahali.
– Umeiacha mno, ndugu. Punje zikibaki chini ya 50 hivi, simamisha. Wastani wake hauaminiki tena. Ukitaka kwenda mbali zaidi, panua gridi.